Kioo, Biskuti na Ofisi ya Ghorofa ya Pili

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Niwie radhi, shajara. Nimekaa kimya tangu mvua za mwaka jana, na kimya hicho si cha mtu aliyeshindwa. Nilikuwa nimenuna. Mtu mwenye hadhi akinuna haandiki. Hukaa wima na kusubiri ulimwengu ujirekebishe. Haukujirekebisha. Nimerudi.

Hali ni hii. Mimi ni mtafiti wa uchumi wa tabia, na jina langu limejengwa juu ya kioo. Miaka mingi iliyopita nilitundika kioo kantini, juu ya sahani ya biskuti, nikathibitisha kwamba mtu anayejiona usoni huchukua biskuti moja anayostahili wala hagusi ya pili. Makala ile ilisomwa kila mahali. Nilialikwa kuzungumza katika kumbi ambazo hata bilauri za maji zilifunikwa kwa vitambaa.

Sasa Chipukizi amerudia jaribio langu. Chipukizi ni mwanafunzi wangu wa zamani. Leo ni mhadhiri, tena mama wa watoto watatu, lakini kwangu atabaki Chipukizi. Ametundika vioo katika kantini za watu wengine na kutangaza kwamba biskuti zinaliwa kama kawaida, na walaji wanajitazama huku wakitafuna. Mmoja alikitumia kioo kupangusa makombo mdomoni. Haya ndiyo anayoyaita matokeo!

Mkuu wa Kitivo ameamua: jaribio lirudiwe hapa, Jumatatu ijayo, mbele ya macho yake. Nadharia ikisimama, nitastaafu nikiwa profesa wa heshima, na ofisi yangu ya ghorofa ya pili itabaki yangu mpaka nife. Ikianguka, makala itaondolewa jaridani na ofisi itakwenda kwa Chipukizi. Leo amebisha hodi, akaniamkia kwa adabu zote, kisha akauliza kama rafu zangu zimepigiliwa ukutani au zinahamishika. Shikamoo yake ina meno!

Nitashinda.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Wazo! Kioo kikubwa, dhamiri kubwa. Nimeng'oa mlango wa kabati la nguo chumbani, wenye kioo cha kumwonyesha mtu mzima mpaka viatu. Mke wangu aliingia nikiwa nimeuma bisibisi. Akauliza, yeye sasa atajitazamia wapi, kwenye sufuria? Nikamweleza kwamba hii ni sayansi. Akasema sayansi yangu haijawahi kurudisha kitu ilichoazima, na kwamba sahani yake ya maua iko kantini mpaka leo.

Jirani yetu, fundi cherehani, alinisaidia kubeba. Njiani watu walitusimamisha ili wajitazame. Mama mmoja alifunga upya kitambaa chake cha kichwa na kutushukuru. Hakuna aliyeiba chochote mbele ya mlango wangu!

Mkuu wa Kitivo amekataa. Lazima kitumike kioo kilekile cha zamani, kidogo, chenye fremu ya bati. Tumeurudisha mlango. Bawaba moja imepotea, na kabati sasa linafunguka lenyewe mtu akipiga chafya.

Hata hivyo, si siku mbaya. Nimepata ushahidi wa mtaani.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Uchumi wa tabia unafundisha kwamba binadamu ni mvivu. Mpe jambo litakalotokea asipofanya chochote, naye hatafanya chochote. Nimefundisha ukweli huu kizazi kizima. Basi leo asubuhi nimewaandikia wajumbe wa bodi ya kitivo ujumbe mfupi, wenye nukta na mikato mahali pake: mjumbe yeyote asiyejibu kufikia kesho jioni atahesabiwa kuwa amekubali jaribio lifutwe na nadharia yangu iheshimiwe.

Wajumbe hawa hawajawahi kujibu ujumbe wowote. Hawajibu hata mwaliko wa chakula cha bure.

Wamejibu wote. Kabla ya chai! Mwanasheria wa chuo amejibu mara mbili. Mjumbe aliyelazwa hospitalini alimwagiza mkewe apige simu, na mama huyo akanifokea kwamba mgonjwa amezinduka kutoka kwenye usingizi wa dawa ili aseme hapana, kisha akalala tena. Chipukizi, ambaye hata si mjumbe, ameniandikia kunipongeza kwa "ubunifu" wangu. Alama za kunukuu ni zake.

Ushindi mkubwa. Hakuna mtu katika kitivo hiki aliyewahi kupata majibu ya bodi nzima kwa asubuhi moja. Nimeliongeza jambo hili katika wasifu wangu.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mazoezi nyumbani. Nimetundika kioo changu cha kunyolea juu ya meza ya sebuleni, nikaweka biskuti chini yake, nikamwalika shemeji, kaka wa mke wangu. Shemeji hajawahi kuachana na sahani yenye kitu ndani yake.

Nilisimama pembeni, mikono nyuma, nikimtazama. Akachukua moja. Akaitafuna polepole kama mtu aliye kwenye mtihani wa mdomo. Nikamkaribisha tena. Akasema hapana, shemeji yangu, ametosheka, siku hizi tumbo limekuwa dogo. Shemeji ametosheka! Nilitamani Chipukizi awepo.

Nikaenda kupokea simu. Niliporudi sahani ilikuwa nyeupe, na shemeji alikuwa akiomba chai ya kuteremshia. Mke wangu, bila kuinua macho kwenye ufumaji wake, alisema kwamba kioo kilikuwa palepale. Aliyeondoka ni mimi.

Sikuona uhusiano. Nimekikagua kioo: kina doa la sabuni pembeni. Mtu hawezi kuijua nafsi yake kwenye kioo chenye doa. Fumbo limefumbuka! Keshokutwa kioo cha kantini kitang'arishwa kwa siki.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Siku yenyewe. Mkuu wa Kitivo alikuwa ameagiza nisikanyage kantini. Nikakaa ofisini kama bwana harusi aliyefungiwa chumbani. Kutoka chini nikasikia kicheko, kisha kishindo cha taya. Biskuti zangu!

Agizo lilihusu kantini. Halikutaja jiko. Nikazunguka kwa nyuma.

Mpishi alinipokea kwa kuuliza kama leo Mzee Nukta amekuja kuwahesabia chumvi. Ndivyo wanavyoniita huko jikoni, sijui kwa nini. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya maarifa. Akasema maarifa huvaa aproni, akanirushia moja. Nikainama kwenye dirisha dogo la kupitishia vyombo, ambalo linatazamana na kioo moja kwa moja.

Hali ilikuwa ya aibu. Mhadhiri wa sheria alikuwa akijaza mfuko wa koti. Wa sheria! Kisha akainua macho kwenye kioo. Akaganda. Akarudisha biskuti zote, pamoja na ile aliyokwisha kuiuma. Aliyemfuata akainua macho, akachukua moja kwa vidole viwili na kuondoka bila kugeuka. Wa tatu akaomba samahani, sijui alimwomba nani. Kioo kimeamka! Nilifurahi mpaka nikasogea mbele zaidi nione vizuri, na kadiri nilivyosogea ndivyo adabu ilivyozidi.

Ndipo Chipukizi akafuata macho ya watu. Akatazama kioo, akageuka, akaja mpaka dirishani. "Shikamoo, mwalimu," akasema. "Aproni imekupendeza."

Mtu hana la kujibu hapo ila marahaba.

Akamweleza Mkuu wa Kitivo, kwa sauti ambayo hata mpishi aliisikia, kwamba watu hawakujiona wao kwenye kioo, walimwona mwalimu. Akaomba kesho kioo kifunikwe na mwalimu aketi wazi kando ya sahani. Nilikubali kabla hajamaliza. Msomi hakimbii jaribio. Hukimbia kantini tu, na hiyo ni kwa agizo.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Kioo kimefunikwa kwa kitambaa cha meza. Nimekaa kitini. Sikufanya lolote. Nilikaa tu, kama nikaavyo siku zote.

Hakuna aliyechukua biskuti. Katibu muhtasi alinyoosha mkono, macho yetu yakakutana, naye akautumia mkono huohuo kunyoosha sahani. Mhadhiri wa sheria alikunywa chai bila sukari. Msajili wa chuo alinong'ona kwamba kiti kilichopotea ofisini kwangu kiko kwake, na atakirudisha. Mkuu wa Kitivo mwenyewe, mtu mwenye gari la chuo, alichukua moja, akanitazama, akaivunja na kurudisha nusu.

Mpishi alilalamika kwamba sahani inarudi jikoni kama ilivyotoka, naye hana pa kuzika biskuti.

Chipukizi hakucheka. Afadhali angecheka. Aliandika, akafunga kalamu, akasema kwa upole kwamba sasa tunajua. Kioo hakikuwahi kufanya kazi. Miaka ile yote nilikuwa nimesimama kando yake.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nilipomweleza mke wangu, alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema wangemuuliza yeye wangeokoa unga: watoto wetu walikuwa wakisubiri nikohoe bafuni ndipo waongeze sukari. Nilikaa mezani. Niliiwaza ofisi yangu, dirisha lake, na jua la asubuhi linavyoanzia kwenye rafu ya juu.

Kisha ukweli ukanishukia. Kioo ni kitu cha dukani. Mtu yeyote aweza kununua kioo. Kumbe muda wote huo nguvu ilikuwa mimi! Nikaomba niongezewe mboga.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Bodi imeketi. Makala imeondolewa jaridani. Ofisi ni ya Chipukizi kuanzia mwezi ujao.

Alikuja mwenyewe kunisaidia kufunga vitabu. Anafunga vizuri, nilimfundisha. Akainamisha macho na kuuliza kama ningekubali kushiriki katika makala yake mpya kuhusu watu wanaotazamwa. Nikauliza jina langu litatangulia au litafuata. Akaeleza, kwa heshima, kwamba halitakuwa miongoni mwa waandishi. Litakuwa kwenye sehemu ya vifaa vya utafiti.

Nimekubali! Waandishi wamejaa tele. Nitajieni profesa mmoja aliyewahi kuwa kifaa.

Mkuu wa Kitivo naye amenipa meza ya kudumu kantini, kando ya sahani, kwa sababu mhasibu ameridhishwa mno na hali ya biskuti. Nimeikagua. Ina madirisha mengi kuliko ofisi ya Mkuu wa Kitivo, na chai iko karibu. Kwa hesabu yoyote ya haki, nimepandishwa cheo.

Wala siishii hapo. Kosa la kioo lilikuwa moja tu: kilionyesha watu wasiofaa. Nimepigwa picha. Mpigapicha aliniomba nitabasamu, nilimnyima. Nimemwandikia Makamu Mkuu wa Chuo kwamba picha hii, ikiwa na ukubwa wa mtu mzima, itundikwe katika kila kantini, kila maktaba na kila korido. Chipukizi amenisihi tuijaribu kwanza mahali pamoja, mimi nikiwa mbali. Nimemwambia kwamba jambo lililo wazi halijaribiwi. Mke wangu ameomba picha moja abaki nayo nyumbani, na mimi nishinde huko kantini. Mapenzi ya uzeeni!

Makamu Mkuu wa Chuo atakutana na washauri wake wiki ijayo. Wakishaamua nitaandika, na kwa kuwa hawana namna ya kuamua vingine, nimekwisha kununua misumari.