Ndevu za Safu ya Kwanza

Jumatatu, 7 Juni 1993. Mtongwe.
Tikiti zimefika! Kikundi chetu cha ngoma ya sengenya kinaruka Jumamosi kwenda Ujerumani, kucheza mbele ya Wazungu. Mimi ndiye mpiga chapuo, ile ngoma ndogo. Bila chapuo hakuna ngoma, na hilo hata Rama wa zumari analijua, ingawa hasemi.

Siri yangu naiandika hapa tu. Nataka kumwoa Mwanarusi, mwimbaji wetu. Mwaka mzima sijapata nafasi ya kukaa naye. Mazoezini kuna kelele. Kwao Kisauni kuna baba yake, mzee mkali, hacheki hata siku ya Idi. Sasa Mungu kaleta ndege. Kutwa nzima angani, ubavu kwa ubavu, na hana pa kukimbilia! Nikishuka bila jibu, mimi si mwanamume.

Tatizo ni miguu. Mimi ni mrefu, wallahi. Mtu hawezi kuposa magoti yakiwa kidevuni.

Jumanne, 8 Juni.
Nimekwenda Magongo kwa binamu yangu Kaviha, anayepakia mizigo uwanja wa ndege. Hajawahi kusafiri, lakini matumbo ya ndege anayajua yote. Kaniambia viti vya nyuma ni mateso. Ila safu ya kwanza, nyuma ya pazia la matajiri, haina kiti mbele yake. Unanyoosha miguu kama uko barazani kwako. Nikamuuliza wanapewa akina nani. Akasema wazee wenye heshima zao, na mama wenye watoto wachanga.

Mtoto sina. Uzee unatengenezeka.

Kwenye feri nikamkuta Rama. Kaniuliza nacheka nini peke yangu. Nikamwambia atajua Jumamosi. Akasema yeye atakaa popote atakapowekwa. Maskini! Watu kama hao ndio wanaojaza viti vya nyuma.

Alhamisi, 10 Juni.
Msiba. Kisha si msiba.

Dada yangu Dhahabu ana saluni. Nilimwomba anitie mvi ndevuni, chache tu, za heshima. Akauliza ni wazimu gani umenipata na miaka yangu thelathini na mitano. Nikamwambia ni mambo ya safari. Akanipaka dawa yake ya kupaushia nywele, ikachoma kama pilipili. Kuosha, Mtume! Hazikuwa nyeupe. Zilikuwa rangi ya chungwa bivu! Dhahabu alicheka mpaka akakaa chini.

Nikatoka nimejifunika taulo. Mbele ya duka la unga ikaanguka. Vijana wawili waliokuwa wamekaa wakasimama mara moja: shikamoo, Alhaji. Wamedhani ni hina! Wamedhani ni mzee aliyekwisha kuhiji, akatia hina ndevu zake. Nikaitikia marahaba, polepole, kwa sauti ya kifuani. Sikusema nimehiji. Sikusema kitu. Kunyamaza si kusema uongo.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu ziko kidevuni.

Jumamosi, 12 Juni. Angani.
Naandika kwa mkono mmoja, na sababu nitaieleza. Lakini miguu imenyooka. Imenyooka!

Nilifika uwanjani na kanzu, kofia ya viua na bakora. Wenzangu waliangua kicheko. Mwanarusi akapiga goti kwa utani, shikamoo babu. Nikacheka nao, nikijua yanayokuja. Binti wa kaunta, Mwanatabu, jina lake liko kifuani, hakucheka. Aliinuka kitini akaniamkia. Akatazama picha ya pasipoti, akanitazama mimi. Akasoma jina langu, Mwinyihaji. Akasema kweli hija humbadilisha mtu. Safu ya kwanza, bila kuombwa!

Nikaona nimalize kazi. Nikamwonyesha Mwanarusi, nikasema na huyu akae nami. Mwanatabu akatabasamu. Akasema binti yako bado kijana, Alhaji, magoti yake mazima, atakaa nyuma na wenzake. Usiwe na wasiwasi, nitamweka karibu na kijana mwenye adabu asisumbuliwe. Nilitaka kusema si binti yangu. Lakini nyuma yangu foleni nzima ilikuwa inanitazama kwa heshima. Mtu mwenye ndevu zile ataanzaje kubishana? Nikamwambia Mungu akubariki, mwanangu.

Kijana mwenye adabu ni Rama.

Si neno, nikasema, nitawafuata baada ya chakula. Basi jirani yangu wa kiti, Margaret, anayempelekea mumewe mtoto wao mchanga amwone, akaniomba nimpokee mtoto kidogo. Eti mikono ya wazee ina baraka. Mama akalala. Mtoto akalala. Nikijigeuza tu, analia ndege nzima inasikia. Kisha wahudumu wakaniletea wanaume wawili waliogombania kiti cha dirishani, niwaamue. Nimewaamua, wamepeana mikono, watu wakapiga makofi. Nilijivuna, siwezi kuficha.

Nyuma huko nasikia kicheko cha Mwanarusi. Kile nakijua hata katikati ya ngoma kumi. Mtoto amenikojolea.

Jumapili, 13 Juni. Ujerumani.
Baridi. Rama alishuka amepinda mgongo, hawezi kusimama wima. Nimempita nikitembea kama askari wa gwaride. Nani kashinda?

Mchana wamenijia wawili, yeye na Mwanarusi, wakakaa mbele yangu. Nikadhani ni utani. Mwanarusi hakuwa anacheka. Akasema kule nyuma walibanwa hata kugeuka hawawezi, hawakuwa na la kufanya ila kuzungumza. Wamezungumza mpaka wamekubaliana. Sasa wanataka mshenga. Baba yake atamfukuza kijana yeyote atakayebisha hodi. Lakini mtu mwenye ndevu kama zangu, aliyetuliza ugomvi wa ndege nzima, hatamwacha mlangoni. Wananiomba nikampose Mwanarusi kwa niaba ya Rama.

Moyo uliniuma. Nasema hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Uliniuma mpaka nikashika meza. Nilitaka kumwambia ukweli palepale. Akainamisha kichwa, akasema hakuna mwingine wanayemwamini.

Nikasema nitakwenda.

Jumamosi, 19 Juni.
Ngoma zimefana. Wazungu walisimama, na walisimama chapuo ilipolia, si zumari. Niandike hivyo.

Nimefikiri sana juma hili. Mshenga ndiye anayekaribishwa ndani, anayekaa mbele, anayemiminiwa kahawa kwanza. Bwana harusi anangoja kwao akiuma kucha. Kwa hiyo Rama bado yuko nyuma yangu.

Kosa langu pia nimeliona. Uzee humtenga mtu. Ugonjwa humletea watu! Kesho tunarudi. Mgonjwa wa goti hupewa safu ya kwanza, tena hasafirishwi peke yake. Lazima awepo wa kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu, na huyo hukaa ubavuni mwake safari nzima. Nyamvula, mchezaji wetu wa mbele, ana mikono ya nguvu. Ana macho mazuri pia, sijui nilikuwa natazama wapi siku zote.

Nimeanza kuchechemea tangu asubuhi. Nyamvula ameniona, amesikitika sana, amekimbia kumwita Rama aje kunisukuma. Binti mwenye huruma namna hii!