Mablanketi ya Kufunika Uswisi

Jumatatu, 8 Mei 2006. Hayes, London.
Redio ya ghalani leo, uwanja wa ndege ninakopakia mizigo: kule Uswisi mahoteli ya ski, mchezo wa kuteleza kwenye theluji, yanafunika barafu ya mlimani kwa vitambaa kiangazi kizima ili isiyeyuke. Nusura niangushe mzigo wa watu. Nimepata njia! Jedidah ni nesi, mzaliwa wa Nanyuki, na kinachomsikitisha zaidi ni Mlima Kenya kuota upara, theluji yake ikiisha. Linus, anayemtaka pia, ana sauti ya besi na gari la mizigo. Mimi sina hata kimoja. Lakini nikiokoa theluji, mwaka huu Jedidah atanikubali.

Jumatano, 10 Mei.
Kila Mkenya hapa alikuja na blanketi zito kwa sababu mama yake alimwambia baridi ya London inaua. Nimezunguka nikiyaomba. Chumba kimejaa. Nalala juu ya mablanketi, pua karibu iguse dari.

Jumapili, 14 Mei.
Linus kanicheka mbele ya kanisa zima. Eti blanketi huleta joto. Uji hufunikwa usipoe, barafu nayo si itayeyuka upesi? Watu wakamuunga mkono. Nikaomba mabeseni mawili na barafu ya jikoni. Moja nikalifunika kwa blanketi lenye picha ya chui, la pili nikaliacha wazi, yote mawili juani. Baada ya ibada, la wazi lilikuwa maji matupu. Langu bado lilikuwa na bonge zima la barafu. Makofi! Jedidah akatabasamu, na hakuwa akimtazama Linus. Nikavimba kichwa. Nikatangaza kwamba Jumamosi nayapeleka mablanketi Uswisi mimi mwenyewe, kwa gari la Linus. Mchungaji akamshukuru Linus papo hapo, asiweze kukataa.

Jumanne, 16 Mei.
Msimamizi wangu, Jaswinder, kanisaidia kupigia simu hoteli moja ya huko. Mama aliyepokea alikuwa mpole, na upole huo ndio ulioniuma. Vitambaa vyao ni vyeupe, vya kazi hiyo, hurudisha jua lilikotoka. Mablanketi yangu yakinyeshewa yatakuwa mazito kama ng'ombe. Tena hata wao hufunika sehemu ndogo tu. Kinachoyeyusha barafu ni moshi, alisema, ukiwemo wa ndege zinazowaletea wageni. Nimeshindwa kula.

Ijumaa, 19 Mei.
Nimejifanya mgonjwa ili safari ife. Nilisahau Jedidah ni nesi. Alikuja na supu na kipimajoto, akakuta sina homa. Nikamweleza yote. Akacheka hadi akaketi juu ya mablanketi. Kisha akasema kwamba kwa miaka amezungumzia mlima wake peke yake, na tangu Jumapili watu hawamwachi kwa maswali. Vijana waliotaka kupanda ndege Februari kwenda kucheza ski sasa wanataka treni. Mablanketi yatakwenda Kilburn kwa dada Placida, anayepokea wakimbizi wapya. Linus atayabeba. Na sisi wawili, Jedidah akasema, tuanze kutembea pamoja, tuone. Nimelia, na sioni haya.

Jumapili, 21 Mei.
Tulikuwa tukitoka kanisani. Ndege ikapita juu yetu, Jedidah akaitazama, akaguna. Nikamwambia asijali, ifikapo Krismasi nitakuwa nimezipunguza ndege hizo. Akauliza vipi. Nikamjibu aniachie mimi, nina watu pale uwanjani. Nina Jaswinder, anayesimamia masanduku ya upande wa kushoto. Kesho wakati wa chai nitamweleza.