Kilichozuia Lishe ya Njegere

Idara ya Mbegu na Lishe ina heshima kuutangazia umma kwamba njegere zote sasa ziko chini ya uchunguzi. Imebainika zina vitu vinavyozuia lishe isiufikie mwili. Idara haiwezi kuivumilia punje inayotoa protini kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiipokonya.

Ndivyo magunia arobaini ya njegere kavu, yaliyokusudiwa chungu cha shule ya jirani, yalivyofungiwa ghalani. Miezi kumi na moja ikapita. Uchunguzi si mchezo, na haraka haraka haina baraka.

Kazi ya kupima aliachiwa mama wa maabara, ambaye jengo zima lilimwita Bi Mizani. Alisaga aina zote tano. Za kijani ziliongoza kwa protini. Za kahawia zilikuwa na tanini nyingi kwenye ganda, ule ukakasi unaokausha ulimi. Zote zilikuwa na fitate kidogo, inayoyabana madini yasifike mwilini. Hakuna lililomtisha. Hata dada yake, mpishi wa shule hiyo, alijua dawa yake bila kuundiwa kamati: loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha mpaka ziive.

Jioni moja dada mtu alimfuata hadi maabara, aproni bado kiunoni.

"Watoto wanashindia uji mtupu, mdogo wangu. Njegere zenu mnamwekea nani, fukusi?"

"Majibu yapo tangu mwezi wa pili wa uchunguzi, dada. Tunasubiri saini ya Mkurugenzi."

"Basi tanini mnaisingizia bure."

Bi Mizani aliona aibu kweli. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, na wa kuuongeza alikuwa Mkurugenzi huyohuyo. Hata hivyo alivuta fomu mpya. Fomu hiyo aliitunga Mkurugenzi mwenyewe, na ilieleza bayana: kizuizi ni chochote kinachosimama kati ya lishe na mlaji, kitakachoongoza kiondolewe siku hiyohiyo bila mjadala. Akajaza kwa uaminifu, nafasi kwa nafasi.

Mkurugenzi hakuwa na tabia ya kupitia ripoti kabla ya hafla. Kusoma mapema, alisema, ni kutowaamini walio chini yako. Kwa hiyo siku ya kikao cha kamati ya uchunguzi alisimama mbele ya walimu, wazazi na wajumbe, akasafisha koo, akaanza kuisoma fomu ile kwa sauti yake ya sherehe.

"Tanini, inazuia asilimia kumi na mbili. Fitate, asilimia tisa. Saini ya Mkurugenzi, ofisi namba moja, asilimia mia moja."

Sauti ilikuwa imetangulia macho. Alirudi kwenye mstari ule, akausoma tena kimyakimya, akamtazama Bi Mizani. Bi Mizani alitazama viatu vyake.

Katibu wa kamati, mtu wa kanuni asiyejua utani, alikumbusha kwamba mjadala hauruhusiwi. Akauliza wanaoafiki kizuizi kinachoongoza kiondolewe leo, na ghala lifunguliwe bila kukisubiri, wanyooshe mikono.

Tangu kamati iundwe, wajumbe hawakuwahi kunyoosha mkono kabla ya kuuona wa mkubwa wao. Wakasubiri. Wazazi nao wakasubiri. Mpishi wa shule alisimama mlangoni na ndoo mbili tupu, akimkodolea macho Mkurugenzi.

Mkurugenzi akanyoosha mkono, polepole, na kumbukumbu zikaandika kwamba hoja imepita kwa kauli moja.