Tunazindua Kivuli cha Mtakanini

Hotuba ya Ndugu Leodegar, Mwenyekiti wa Kamati ya Bustani ya Kivuli, aliyoitoa mbele ya zahanati ya Mtakanini, ng'ambo ya mto Lumemo, saa sita mchana, jua la utosi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe baada ya yule wa kwanza kupata udhuru. Waheshimiwa wajumbe wa kamati, ambao nawaona mmetulia chini ya turubai. Padri, Mchungaji na Shehe. Mzee Mayunga, kiongozi wa wafugaji wetu, shikamoo mzee. Nesi Sikitu wa zahanati hii. Madereva wa bodaboda mlioahidiwa mafuta (honi). Akina mama mliokuja kliniki kupima watoto mkajikuta kwenye uzinduzi. Wageni waalikwa, na ninyi ambao hamkualikwa mkaongozwa na harufu ya pilau: itifaki nimeizingatia, na ambaye sikumtaja ajihesabu ametajwa. Kivuli oyee! (Oyee hafifu kutoka kwenye turubai.)

Ndugu wananchi, kama mnavyofahamu, na kama hamfahamu basi ni kwa kuwa hamkuhudhuria semina elekezi, ambayo kwa sababu za kimkakati ilifanyika hotelini Morogoro, mchakato wa kuchagua mimea ya kudumu kwa ajili ya bustani ya kivulini si jambo la kukurupuka. Mwananchi wa kawaida anachukua mche wa gimbi, anauchomeka nyuma ya bafu, unaota. Huo si mchakato! Sisi tulifanya upembuzi yakinifu, tukashirikisha stekiholda wa ngazi zote, tukajifungia ofisini na mapazia tukayashusha ili tupate uhalisia wa kivuli, kisha tukajiuliza kwa uchungu mkubwa: Je, iwe tangawizi? Iwe iliki? Iwe kangaga la mtoni, au kokoa kama ya wenzetu wa kijiji cha Mbingu? Mjumbe mmoja akarudi kwenye magimbi. Nikamwuliza, ndugu mjumbe, gimbi linaliwa, na likishaliwa litadumu vipi? Akakaa chini. (Kicheko.)

Hatimaye tulikubaliana kwamba mmea unaofaa ni ule usiodai jua, usiodai maji, na usiotamaniwa na kiumbe yeyote. Na tumeupata! Tazameni wenyewe vyungu hivi vilivyopangwa mbele yangu. Majani mapana, kijani kinang'aa, hakuna hata moja lenye tundu la mdudu. Asubuhi mbuzi wa jirani amekuja, amenusa, amejaribu jani moja, amelitema na kwenda zake. Mnataka ushahidi gani tena wa ustahimilivu? (Minong'ono.)

Sasa, yapo maneno ya chinichini kuhusu ile mijohoro miwili iliyokuwa hapa, na mimi siogopi, nayajibu hadharani. Ni kweli, ilikuwepo. Ni kweli, akina mama walikaa chini yake siku za kliniki, na mzani wa watoto ulining'inizwa kwenye tawi. Lakini andiko la mradi lilidai picha ya bustani kutoka angani, ya kuwavutia wafadhili. Tukarusha droni. Picha ikaonyesha nini? Miti! Bustani haionekani, saiti haionekani, hata mimi niliyesimama pale chini na suti yangu sionekani! Kamati ikabaini kwa kauli moja kwamba kikwazo kikuu cha bustani ya kivuli ni kivuli. Tukakikata. Na leo natamka kwa fahari kwamba asilimia tisini na sita ya kivuli cha zamani imeondolewa kupisha kivuli cha kisasa. (Makofi kwenye turubai. Juani kimya.)

(Sauti ya mama: "Mheshimiwa, na sisi tukae wapi? Watoto wanaungua!")

Huyo ni dada Valeria, namfahamu, nakushukuru dada yangu kwa swali zuri. Mzani hatukuutelekeza: tumeutundika kwenye goli la uwanja wa mpira, mahali penye hewa. Changamoto ya jua tunaitambua. Nesi Sikitu ameniambia kwamba watoto wanalia na kurusha miguu mpaka mshale wa mzani hautulii, na kwamba akina mama wanaotoka mbali, kule kwenye madungu wanakolinda mpunga dhidi ya ndege, wameanza kugeuza njiani na watoto hawajapimwa. Jambo hilo linasikitisha sana, na ndiyo maana tumeliweka kwenye awamu ya tatu. (Miguno.)

Nimalizie na suala la kinidhamu. Nimearifiwa kuwa kisiki kimoja cha mjohoro kimechipua. Bila kibali! Chipukizi limefika kiunoni, mtu amelizungushia miiba, na kila mama akimaliza kumnawisha mwanawe analimwagia maji yaliyobaki. Mjohoro haumo katika mimea tuliyoipitisha, kwa hiyo nimekuja na panga kwenye gari.

(Akina mama: "Lisiguswe!" Mzee Mayunga anainuka na fimbo yake, anakwenda kusimama kando ya kisiki.)

Mzee wangu, kaa tu. Shikamoo tena. (Mzee Mayunga haitikii.) Shikamoo, Mzee Mayunga. (Wajumbe wanatazama viatu vyao.) Ehm. Ndugu wananchi, kwa mamlaka niliyojipa sasa hivi, kamati inalitambua chipukizi hilo kuwa ni mafanikio ya mradi, tena ni tunda la ukataji wetu wa makusudi, maana tusingekata, lingechipukia wapi?

(Vigelegele. Mzee Mayunga: "Marahaba.")

Bustani oyee! Mimea ya kudumu, idumu! Kamati, kazi iendelee mpaka ianze! Nawashukuru wafadhili, ambao tutaanza kuwatafuta mara picha za leo zikishasafishwa. Namshukuru Faustin, mpambaji wa harusi, kwa kutuazima vyungu hivi. Vijana wavipakie taratibu, majani yasichomoke kwenye waya, na aliyevimwagia maji asubuhi asirudie, rangi inachuja. Vinasubiriwa ukumbini Ifakara kwenye harusi ya Noela, pamoja na turubai, pamoja na pilau. Bango la uzinduzi nalo ligeuzwe, upande wa pili ni mabwawa ya samaki, tunayazindua kesho Uchindile. Wabeja, Mzee Mayunga, nakushukuru kwa Kisukuma chako. Na ninyi akina mama mliojibanza kwenye kivuli cha gari langu, nawaomba kwa heshima mwanyanyue watoto. Naondoka, na kwa sasa kivuli kingine mradi hauna.

(Gari linaondoka. Akina mama wanahamia kwenye chipukizi. Kivuli chake kinamtosha mtoto mmoja. Wanapokezana.)