Nani Anagandisha Mfumo wa Ng'ombe

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Mfumo wetu wa kusajili ng'ombe umeganda tena saa nane mchana. Wiki ya tatu hii. Mama Stefania, mkuu wa ofisi hapa Nkende, amesema nisipopata chanzo kufikia Ijumaa nahamishiwa josho la Itiryo, kuogesha ng'ombe. Mimi, fundi wa mfumo! Nimeazimia kurekodi kila muamala unaoingia. Mkosaji namjua tayari: Scholastica, karani wa Nyamwaga. Anaandika haraka mno.

Jumanne, 9 Septemba

Saa nne asubuhi diski imejaa rekodi zangu. Mfumo umezima kabisa. Scholastica akanipigia simu, akashauri kwa upole nirekodi muamala mmoja katika kila ishirini, unatosha kuonyesha tatizo. Upole wake unaniudhi. Sawa, nitachukua sampuli. Ya kwake peke yake.

Jumatano, 10 Septemba

Sampuli ya Scholastica haina hata kosa moja. Nimeumia. Baada ya chakula nikajituliza kwa kuwaangalia ng'ombe wangu kumi na wawili kwenye mfumo, wa mahari ya mchumba wangu Nice. Huwakagua kila siku, kama Mkurya yeyote mwenye akili. Nafungua ukurasa wa kuhariri, maana ndio wenye picha kubwa, nauacha wazi mpaka jioni. Dakika kumi baadaye Nyamwaga wakapiga simu: umeganda. Scholastica huyo!

Alhamisi, 11 Septemba

Mama Stefania ameagiza sampuli ya watu wote. Saa nane na dakika tano likatokea jina moja, limeshikilia rejista nzima, wengine wote wanasubiri nyuma yake. Rabson. Mimi. Scholastica akaeleza kwamba ukurasa wa kuhariri ukiwa wazi, hakuna mwingine anayeweza kuandika. Hakucheka. Mama Stefania alicheka. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka.

Ijumaa, 12 Septemba

Barua imetoka. Itiryo, kuanzia Jumatatu. Mfumo kapewa Scholastica. Nilimwamkia Mama Stefania shikamoo mara tatu. Aliitikia zote, barua haikubadilika.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimelowa dawa ya kupe mpaka kiunoni. Nywila yangu imefutwa, lakini Vedasto, karani wa josho, ameniazima yake, naingia kwa jina lake. Saa nane nikawafungua ng'ombe wangu, picha kubwa. Wote wazima. Sasa hivi Nkende wamepiga simu: mfumo umeganda. Nilijua tu, Scholastica hawezi kazi hii. Nimemwandikia Mama Stefania achukue sampuli upya, na amchunguze sana Vedasto.