Kitambaa cha Manjano na Baiskeli ya Marehemu

Baiskeli ilikuwa imening'inizwa ukumbini kwa Bi Tunu kama mbuzi aliyechunwa, na Theonest, aliyekuwa anajipitia zake Temeke na njaa yake, akasimama katikati ya njia kama mtu aliyeitwa jina. Nyeusi. Ina dinamo, ina kengele, ina karia pana ya kubebea gunia. Marehemu mume wa Bi Tunu aliipenda kuliko ndugu zake, na tangu alipozikwa hakuna aliyethubutu kuipanda.

Hapa lazima uielewe shida ya Theonest. Utapeli ni kazi ya ncha mbili: mbele unataka ulimi, nyuma unataka mwendo. Ulimi Mungu alimjalia mpaka akazidisha. Mwendo alimnyima kabisa. Kiwalani aliuza dawa ya kunguni, wakamkamata. Magomeni akauza mafuta ya kuotesha ndevu, wakamkamata tena. Na kote huko waliomkamata hawakukimbia, walitembea. Akiipata baiskeli ataongopa Chamazi asubuhi, jioni yuko Boko anakula samaki, na mwenye miguu akae nayo miguu yake.

Ulikuwa ule mwaka Mwingereza amepata Malkia mpya, watu wa Temeke wakasikia, wakaendelea na shughuli zao. Theonest alikuwa na miaka thelathini na elimu isiyotimia. Kwao Bukoba alisoma shule ya mapadri mpaka darasa la kemia, akaipenda kemia, ila kemia ndiyo iliyomfukuzisha. Siku moja alimrashia padri manjano kidogo kwenye kanzu nyeupe. Kanzu ikapelekwa kufuliwa, ikakutana na sabuni, ikatoka na mabaka mekundu kifuani. Wenzake wakampigia padri magoti wakimwita kardinali. Padri hakukipenda cheo kile.

Lakini somo lilimkaa. Vitu vikali kama ndimu na siki ni asidi. Vitu vya utelezi kama sabuni, magadi na maji ya majivu ni besi. Ukivikutanisha vinagombana, vinamalizana nguvu, mwisho inabaki chumvi na maji, kama mume na mke waliochoka. Na manjano ni mmbeya wao: yakiguswa na besi yanaiva wekundu, yakiguswa na asidi yanarudi manjano kama hayakuona kitu.

"Hodi."

"Karibu. Kama unauza sinunui, kama unaomba sina."

Bi Tunu alikuwa uani, kajikunja juu ya kibao cha mbuzi, anasugua masufuria kwa majivu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na hiyo mama ipunguze, mie bado nachumbiwa."

Theonest akaisikia riziki inagonga. "Hongera, Bi Tunu. Na nani?"

"Bora ungeuliza na wangapi. Shomari fundi seremala, na Salumu wa mkaa. Mwaka wa pili huu, kila mmoja anasema nikimkataa atakufa. Na wote wanene tu, sijui wanakufa lini. Salumu ndiye mwembamba, lakini kazaliwa vile."

"Na hujui mkweli yupi."

"Ningejua ningekuwa hapa nasugua ukoko?"

Theonest akatoa mfukoni kitambaa alichokichovya manjano wiki ile kwa ajili ya shughuli nyingine ambayo hatutaitaja. Akakikunjua taratibu, kama shehe anafunua msahafu.

"Kitambaa hiki kinatoka kwetu bara. Hakijui kusoma, hakijui kuhesabu. Kinajua kitu kimoja, uongo. Kishike, useme uongo wowote."

Bi Tunu akakishika kwa vidole vilivyojaa maji ya majivu. "Mie mwali wa miaka ishirini."

Kitambaa kikawa chekundu.

"Astaghfiru," alisema Bi Tunu, akakitazama, akamtazama Theonest. "Na bado kina adabu, wengine wangecheka."

Theonest akamnawisha kwa kichupa alichokiita maji ya toba, ambayo ni ndimu tupu. "Sasa sema kweli."

"Arobaini. Na kitu. Kitu hicho tusikichokore."

Kitambaa kikarudi manjano. Bi Tunu akavinusa vidole vyake, na macho yake yakawa madogo, kama ya mtu anayepima nguo ya mwenzake.

"Ujira wako nini, mwalimu?"

Theonest akatazama juu, ukumbini.

"Ile," alisema Bi Tunu. "Haya. Nionyeshe mwanamume anayenipenda kwa kweli, uipande uende nayo mpaka Bukoba. Njoo Ijumaa, baada ya alasiri, nitawaita wote wawili."

Theonest akaondoka akijipigia mluzi. Mpango ulikuwa mwepesi. Birika mbili za kunawia: moja ya maji ya magadi, moja ya maji ya ndimu. Atakayenawa magadi ni mwongo, atakayenawa ndimu ni mkweli. Mkweli awe nani? Alikwenda kuwachungulia. Salumu alikuwa mfupi, mwembamba, anakohoa vumbi la mkaa. Shomari alikuwa anapasua gogo la mninga, na gogo ndilo lililokuwa linaomba msamaha. Theonest akaona pale pale kwamba mapenzi ya Shomari ni ya kweli.

Ijumaa ilipofika akakuta mkeka umetandikwa barazani, wachumba wamevaa kanzu, wamekaa kila mmoja akijifanya mwenzake ni nguzo. Katikati yao palikuwa na sinia la shaba: majani ya tambuu, mbegu za popoo zilizokatwakatwa, na kijaluba cha chokaa.

"Karibu, mwalimu, tafuna," alisema Bi Tunu.

Sasa Theonest pwani alikaa miaka mingi, lakini tambuu hakuwahi kukaribishwa. Tambuu ni heshima ya mgeni aliyekaa kitako, na yeye kwenye nyumba za watu alikuwa akiingia kwa maneno na kutoka kwa dirisha. Kwao mgeni anapewa buni atafune. Akasema moyoni, watu ni wale wale, mbegu ndiyo tofauti. Akaiga alivyoona: akachota chokaa kwa vidole vyote vitano, akapaka jani, akaweka popoo, akakunja, akabwia. Mdomo ukawaka, machozi yakamtoka, akatabasamu kwa adabu.

Mtu aliyefukuzwa shule kwa kemia alikuwa amekalia sinia la besi, na habari hana. Chokaa nayo ni besi, ila yeye aliijua ya kupakia kuta tu.

"Tuanze," alisema.

Akamnawisha Salumu kwa birika ya magadi, akampa kitambaa. Salumu akakohoa, akasema kwa sauti ya kutia huruma, "Nampenda Bi Tunu kuliko roho yangu."

Kikawa chekundu.

"Roho yako ndiyo ile inayokohoa?" alisema Shomari. "Kumbe hata hiyo huipendi."

"Ngoja zamu yako, fundi. Tutaona."

Theonest akamnawisha Shomari kwa birika ya ndimu, vizuri, mpaka kwenye kucha. Kisha akageuka kuchukua kitambaa kipya. Ni kugeuka tu. Shomari, mwili ule wote, moyo ulikuwa unamwenda mbio kama wa kuku. Akajivutia jani, akachota chokaa ya nguvu, akapaka, akatia mdomoni kujituliza. Kisha akakamata kitambaa kwa mikono miwili.

"Nampenda Bi Tunu, na nyumba yake sina haja nayo."

Kitambaa kikaiva mpaka kikakaribia kuwa cha kahawia.

Salumu akacheka mpaka kikohozi kikapona. Shomari akasimama. Alikuwa mtu ambaye kusimama kwake kunachukua muda, kwa sababu ni kurefu.

"Mwalimu," alisema, "nimeitwa mwongo na kitambaa au nimeitwa na wewe?"

"Ndugu yangu, lete hapa," alisema Theonest, akakinyakua ili akinyunyizie ndimu. "Kitambaa kimeshtuka tu. Mie tangu nizaliwe sijamdanganya mtu."

Na pale alipokishika, kwenye pindo lililobaki manjano, vidole vyake vitano vikajichora, vyekundu, kimoja kimoja, kidole gumba kikiwa kizuri kuliko vyote.

Theonest akatazama vidole, akatazama kijaluba, na somo la padri likamrudia lote, limechelewa kama polisi. Chokaa. Angeweza kuwaeleza. Lakini aanzie wapi? Kitambaa kikiwa mkweli, yeye mwongo. Kitambaa kikiwa mwongo, yeye ndiye mwenye kitambaa. Njia zote mbili zilipita mkononi mwa Shomari.

Aliyemwokoa ni Bi Tunu. Alijifuta jicho kwa ncha ya khanga, jicho kavu kabisa.

"Waongo watatu barazani kwangu, siku ya Ijumaa. Mie mjane, sina wa kunitetea."

"Bi Tunu, nisamehe," alisema Salumu.

"Moyo unarekebishika. Wewe Salumu, mkaa uendelee kuja, nitakupima tena moyo ukishatakata. Shomari, paa la uani linavuja na mlango wa choo umelegea. Fanya kazi huku unanipenda polepole, kwa kweli. Na kitambaa kinabaki kwangu."

Wachumba wakaitikia kama watoto wa chuo cha Kurani. Mwaka wa pili ulikuwa umekwisha, na hivi hivi wakaanza wa tatu.

"Na mie baiskeli yangu?" aliuliza Theonest kwa sauti ndogo.

"Tulisema unionyeshe anayenipenda. Umenionyesha nani?"

Theonest akageuza macho kwa Shomari, akayarudisha haraka.

"Ila mie si mkatili," alisema Bi Tunu. "Utaipanda. Vitumbua vyangu vinatakiwa Kiwalani kila asubuhi."

"Kiwalani?" Theonest akakumbuka kunguni.

"Kiwalani, ndiyo. Na usije ukapotea njia, Shomari atakusindikiza."

Kesho yake watu wa Temeke waliiona baiskeli ya marehemu barabarani. Theonest alikuwa mbele, anakanyaga, jasho linamchuruzika. Beseni la vitumbua lilikuwa limefungwa kwenye usukani. Kwenye ile karia pana alikuwa amekaa Shomari, mzima mzima, magurudumu yanaomba dua, mwendo wao ni wa kobe anayefikiria. Kuku waliwapita.

"Mwalimu," aliuliza Shomari, kamkumbatia kiunoni, "wewe mtu wa elimu. Mwisho wake atanikubali?"

"Atakukubali."

"Kweli?"

"Kweli tupu," alisema Theonest, na kilima cha Kiwalani kikaanza.