Kibali cha Safari ya Bibi

"Kwa furaha isiyo na kipimo, Idara ya Ustawi wa Tabasamu la Mtoto inautangazia umma kwamba mwaka huu, kwa mara ya kwanza tangu vitabu vianze kuchapishwa, hakuna hata mhusika mmoja aliyekufa katika kitabu cha mtoto. Hakuna aliyeugua zaidi ya mafua. Hakuna aliyepotea, isipokuwa kuku mmoja, naye alipatikana ukurasa huohuo."

Maneno hayo niliyaandika mimi, Katibu wa Idara, na yalibandikwa kwenye lango la ofisi yetu kwa herufi ambazo hata asiye na miwani angeziona. Nayataja si kwa kujisifu bali kwa kuweka kumbukumbu sawa, maana wapo watu mitaani wanaodai kwamba kazi yetu ni kukaa na kunywa chai. Chai tunakunywa, sikatai. Lakini kati ya kikombe na kikombe tumefanya mambo. Fisi aliyekuwa akila watoto wa mbuzi siku hizi anawalea mama yao akienda sokoni. Mtoto yatima tumemfuta kabisa, na mahali pake yupo mtoto mwenye walezi wa ziada. Mvua yetu inanyesha bila kulowesha mtu.

Juu ya haya yote yupo Mkurugenzi, mtu mkavu, ambaye hakutoa chozi hata siku ile mlango wa gari ulipombana vidole vitatu. Ukutani nyuma ya kiti chake ametundika kauli yake mwenyewe ndani ya fremu: MTOTO MWENYE FURAHA HAULIZI MASWALI.

Watu huuliza tunapimaje huzuni. Mashine bado, zabuni imetangazwa mara nne. Kwa sasa tunamtumia Mama Usafi, anayefagia korido na kupika hiyo chai. Kila kitabu kinachoingia namsomea kwa sauti katika chumba namba sita, yeye ameshika kitambaa cheupe cha Idara, na nikimaliza napima kwa rula sehemu iliyolowa. Chini ya sentimita mbili kitabu kinapita. Zaidi ya hapo kinagongwa muhuri wa HAIFAI KWA WATOTO na kufungiwa stoo, na mwandishi wake anaitwa kukaa kwenye benchi la koridoni, linalotazamana na choo, ajaze fomu yenye swali moja: "Eleza kwa nini ulikusudia kumhuzunisha mtoto." Nafasi ya jibu hairuhusiwi kuachwa wazi.

Ni njia ya kisayansi. Tatizo moja tu limewahi kutokea, pale Mama Usafi alipolia kwenye kitabu cha kuhesabu, nilipofika kwenye saba. Tulimuuliza sababu, akasema vumbi. Kamati ilikaa siku mbili, na tangu hapo watoto wetu wanahesabu tano, sita, nane. Hakuna aliyelalamika ila walimu wa hesabu, na hao hulalamika tu.

Basi akaja Mwalimu. Mwanamke mfupi, viganja vimejaa chaki, mkoba wake umeshonwa mpini kwa uzi wa rangi nyingine. Alileta mswada wa kurasa kumi na sita unaoitwa "Kikombe cha Mama". Mama mmoja anakufa. Kikombe chake kinabaki rafuni na hakuna mtu nyumbani anayethubutu kukigusa, mpaka siku moja binti yake anakishusha, anakiosha, na kunywea maji. Kwisha habari. Nilipomsomea Mama Usafi, kitambaa kililowa chote na kingine nikaazima. Halafu akasema, "Katibu, kisome tena."

Ombi hilo halimo katika kanuni, kwa hiyo sikulijibu.

Mkurugenzi alimpokea Mwalimu kwa heshima zote.

"Mwalimu, umeandika vizuri sana. Tatizo ni huyu mama."

"Ana nini?"

"Amekufa."

"Ndiyo, Mkurugenzi. Ndiyo hadithi yenyewe."

"Hakuna namna akawa hajafa sana?"

Mwalimu alimtazama kwa muda, kama anayemtazama mwanafunzi aliyejibu swali la mtihani mwingine.

"Darasani kwangu kuna mtoto amefiwa na mama yake," alisema. "Kwao wamemwambia mama kasafiri. Sasa kila siku wenzake wakiondoka yeye anabaki, ananiuliza kama mama amemkasirikia. Nimejaribu kumwambia, maneno yananishinda. Nikaandika hiki. Kipitishe, nimsomee yeye tu kama hutaki wengine."

"Lakini si umeshatusaidia?" Mkurugenzi alinigeukia akiwa amechangamka. "Kasafiri. Andika hapo, Katibu. Mama alikwenda safari ya kikazi."

Mwalimu alikataa kusaini. Alikaa kwenye benchi letu tangu asubuhi hadi wafanyakazi wanatoka, na kwenye fomu akaandika, "Sikukusudia kumhuzunisha. Nilimkuta tayari ana huzuni." Jibu hilo lilikuwa nje ya maudhui, nikaliwekea alama nyekundu. Mswada ukaenda stoo. Sisi tukachapa toleo lililosahihishwa, bila jina la mtu, na mwisho wake ulinitoa mimi mwenyewe jasho: "Mama alikwenda safari ya kikazi. Watu wote walifurahi. Kikombe kilioshwa."

Miezi miwili baadaye mke wa Mkurugenzi akafariki dunia, ghafla, akiwa anaanika nguo. Tulimzika siku hiyohiyo. Idara ilituma wawakilishi wanne na shada moja.

Mkurugenzi anaishi na mjukuu wake wa kike, ambaye wazazi wake wanafanya kazi mbali. Umri wake unakuja baada ya sita, na kwa sababu nilizokwisha kueleza siwezi kuuandika. Nyumbani wanamwita Mkaguzi, kwa kuwa hakuna kinachopita pale bila yeye kukihoji. Siku ya mazishi alipelekwa kwa jirani kutazama katuni. Aliporudi akakuta viti vingi uani na bibi hayupo, na Mkurugenzi akafanya ambacho mtaalamu yeyote angefanya: akampa kitabu chetu.

Mtoto alikisoma chote. Kisha akauliza, "Kibali kiko wapi?"

Hapa inabidi nieleze. Marehemu alikuwa na mtindo wake. Kila Mkurugenzi aliposafiri, yeye alichukua nakala ya kibali cha safari, akaibandika kwenye mlango wa kabati la jikoni, na kila asubuhi mtoto alikata siku moja kwa kalamu, mpaka babu arudi. Mtoto yule hajui kusali vizuri, lakini kibali cha safari anakijua nje ndani.

Kesho yake Mkurugenzi aliniita, akafunga mlango.

"Katibu, andaa kibali."

"Cha nani, Mkurugenzi?"

"Cha bibi yake."

Mimi ni mtumishi. Nikakaa nikajaza. Jina la msafiri, nikaandika. Dhumuni la safari, nikaandika mapumziko. Chombo cha usafiri, nikakuna kichwa, nikaandika gari la Idara, na kwa kweli ndilo lililombeba. Nilipofika kwenye tarehe ya kurudi nilisimama. Nilipendekeza tuweke kistari. Mkurugenzi, ambaye kanuni zile alizitunga kwa mkono wake, akanikumbusha kwamba kibali kisicho na tarehe ya kurudi ni batili, na kwamba hatakuwa yeye wa kwanza kuvunja utaratibu. Safari yoyote ina ukomo wa siku tisini. Basi nikaweka siku tisini. Akasaini, nikagonga muhuri wa Idara, karatasi ikaenda kubandikwa kwenye kabati.

Sijui kwa nini wakati ule jambo hili lilionekana kuwa la busara. Tulipeana hata mikono.

Siku ya tisini tulikuwa kwenye kikao cha kamati, tunajadili kama mwezi mchanga unaweza kumtia mtoto upweke. Mlango ukafunguliwa. Mkaguzi aliingia na sare ya shule, begi mgongoni. Alikuwa amemwambia dereva wa babu yake kwamba anakwenda kumpokea msafiri, na dereva yule, ambaye katika miaka kumi na moja hajawahi kuuliza swali, akamleta.

"Shikamooni."

Tukaitikia wote kwa pamoja.

"Babu, leo ndiyo siku ya tisini. Bibi anafikia hapa au nyumbani?" Akafungua begi, akatoa kibali, siku zote zimekatwa kwa kalamu, na juu yake akaweka miwani. "Alisahau miwani yake. Safari nzima hajasoma kitu."

Mama Usafi alikuwa anamimina chai. Aliacha kumimina.

"Safari imeongezwa," alisema Mkurugenzi. "Katibu, si imeongezwa?"

"Imeongezwa," nikasema.

"Nani kaongeza?"

"Mwidhinishaji," nikasema, na hapo ndipo nilipoharibu, kwa maana mtoto aliisogeza karatasi mbele yetu na kuweka kidole chini kabisa.

"Hii sahihi ni ya babu. Ndiyo hii iliyo kwenye ripoti yangu ya shule." Alimtazama Mkurugenzi. "Kwa hiyo bibi anataka kurudi, wewe ndiye unamzuia."

Mkurugenzi alifungua kinywa. Nilimwona akitafuta neno, na nilijua hatalipata, kwa kuwa mwaka juzi tulilifuta sisi wenyewe katika orodha ya maneno yanayoruhusiwa kuambiwa mtoto, yeye akiwa mwenyekiti na mimi nikiandika muhtasari.

"Mimi nilidhani amenikasirikia," mtoto akasema. "Siku ile nilimwaga maziwa. Kumbe ni wewe."

Nimefanya kazi ya serikali miaka ishirini na mbili. Nimewahi kukalia barua za wajane na nikalala vizuri. Lakini sentensi ile iliniingia, na siku hizi nikiwa nanyoa ndevu bado naisikia.

Mama Usafi aliweka birika chini, akatoka. Funguo za stoo anazo yeye, kwa kuwa ndiye anayeifagia. Alirudi na mswada wa Mwalimu, akaufuta vumbi kwa aproni na kuuweka mbele ya Mkurugenzi, juu ya ajenda.

"Msomee hicho, Mzee."

"Hicho kimegongwa muhuri," nikakumbusha.

"Katibu, mimi nilizaa saba," alisema bila kunitazama. "Wa mwisho hakufika mwaka. Wale sita sikuwaficha. Walilia, nikalia, tukapika tukala. Msomee, Mzee."

Mkurugenzi akasoma. Alianza kwa sauti ya hotuba, na ukurasa wa pili sauti ya hotuba ikamtoka. Ukurasa wa kumi na moja, pale binti anaponyoosha mkono rafuni, alinyamaza na hakuendelea. Mtoto akauvuta mswada upande wake, akamalizia mwenyewe kwa kidole, neno moja moja, hadi maji ya mwisho kikombeni.

"Bibi amekufa?"

"Ndiyo," Mkurugenzi akasema.

"Lini?"

"Siku uliyokwenda kwa jirani."

Mtoto akaichukua ile miwani, akaikunja miguu yake polepole.

"Sasa mbona hamkusema? Ningempa aende nayo."

Hapo wakalia wote wawili, na mtu mkavu yule alilia vibaya, kwa kelele, kama ambaye hakuwahi kufundishwa. Wajumbe waliangalia dari. Mimi nilitoa kitambaa na rula kwa mazoea, nikapima, rula ikawa fupi.

Walipotulia, mtoto akaona muhuri mezani. Akausoma herufi kwa herufi.

"Huu wa nini?"

"Wanagonga kwenye karatasi inayoliza watoto," alisema Mama Usafi.

Mtoto alifikiri. Akausogeza mswada wa Mwalimu kando, kwa uangalifu, usiguswe na wino. Akavuta kibali cha safari, akakinyoosha kwa kiganja, na kukigonga HAIFAI KWA WATOTO kwa mikono miwili mpaka vikombe vikatikisika.

Kanuni zetu haziangalii nani kagonga. Zinasema waraka ukishapigwa muhuri, walioutunga waende kwenye benchi mara moja, na sauti ya kusema hivyo ilikuwa ya Mama Usafi, ambaye amezisikia kanuni zote nikizisoma. Kwa hiyo tupo hapa koridoni, Mkurugenzi na mimi, tunatazamana na choo. Benchi ni gumu kuliko nilivyodhani, na ni mimi niliyelichagua. Mle ndani Mama Usafi anamsomea Mkaguzi "Kikombe cha Mama" kwa mara ya tatu. Dereva ametumwa na nakala yake shuleni kwa Mwalimu. Safari hii aliuliza njia.

Haya ninayoandika ndiyo maelezo yangu, na nimehitaji karatasi za ziada. Mkurugenzi ameshika fomu yake tangu tulipoketi, kalamu iko wazi, hajaandika neno. Sasa hivi ameinama na kuninong'oneza, "Katibu, hapa kwenye 'kwa nini' niweke nini? Tuweke kistari?"

Nimemwambia kistari hakikubaliki.

Mlango umefunguka kidogo. Tumesimama wote wawili na kushika tai zetu. Mama Usafi ametoa kichwa, akatutazama kuanzia viatu.

"Bado," amesema. "Mtoto ana maswali."